Tezi ya Thairoidi: Dawa za Hospitali na Tiba Mbadala Zikilinganishwa

Kabla ya kulinganisha dawa za hospitali na tiba mbadala za tezi ya thairoidi, sharti ijulikane tezi yenyewe inaugua nini. Tezi hii ndogo iliyoko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongoromeo, huweza kutoa homoni pungufu, huweza kutoa homoni kupita kiasi, huweza kuvimba kwa kukosa madini joto (iodini) huku ikiendelea na kazi yake, na huweza kuota vinundu ambavyo vingi si vya kutisha lakini vichache ni saratani. Haya ni maradhi tofauti, na dawa inayomfaa mgonjwa mmoja humdhuru mwingine. Ndiyo maana tangazo lolote linalonadi "dawa ya thairoidi" bila kutaja kama ni ya thairoidi iliyopungukiwa au iliyozidisha, liwe la muuza virutubisho au la muuza mitishamba, linamnyima msomaji jambo la kwanza analolihitaji ili achague.

Jambo hilo hupatikana maabara. Kipimo cha TSH hupima homoni itokayo kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda; ikizidisha, TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida cha mtu mzima huwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, na kikitoka nje ya mipaka hiyo hupimwa pia T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe kama inavyozunguka katika damu. Ninaanza na kipimo kwa makusudi, kwa sababu uchovu, kunenepa, kunyonyoka nywele na ngozi kavu vinaweza pia kuletwa na upungufu wa damu, kisukari, sonona au kukosa usingizi, na shingo iliyovimba haimaanishi kwamba lazima homoni zimevurugika. Hata aliyekwisha kuamua kwenda kwa mganga ninamsihi apime kwanza, maana asipokuwa na namba ya mwanzo hatakuwa na njia ya kujua kama tiba aliyoichagua imemfaa.

Thairoidi iliyopungukiwa homoni

Hapa ndipo wagonjwa wengi husitasita, na sababu yake inaeleweka. Mtu anayesikia baridi wakati wenzake wanatoa jasho, anayefunga choo, anayesahau, ambaye sauti imekuwa nzito na hedhi imeongezeka, huambiwa kwamba atameza kidonge kila siku, pengine maisha yake yote, na hilo humwelemea kuliko ugonjwa wenyewe. Mahali ambapo watu hupata madini joto ya kutosha, chanzo kikubwa cha upungufu huu ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912: mfumo wa kinga wa mwili huigeukia tezi na kuila polepole kwa miaka mingi. Wengine hufikia hali hiyo hiyo baada ya tezi kukatwa au kuchomwa kwa mionzi, na wachache kwa sababu ya dawa kama lithiamu, ya maradhi ya akili, na amiodaroni, ya mapigo ya moyo.

Tiba ya hospitali ni levothairoksini, nayo ina historia ambayo wanaobishana juu ya "dawa za asili" wangefaidika kuijua. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya kondoo, na mwanamke huyo aliyekuwa katika hali mbaya akaishi miaka mingine 28. Mwaka 1914 Edward Kendall, huko Marekani, alifaulu kuitenga homoni yenyewe, na katika miaka ya 1920 Charles Harington akaonyesha muundo wake na jinsi ya kuitengeneza. Kwa hiyo kidonge cha leo kimetokana na tiba iliyoanzia kwenye tezi ya mnyama, na kilichomo ndani yake ni T4 ile ile inayotolewa na tezi ya binadamu. Mwili huipokea na kuigeuza kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi, kadiri kila kiungo kinavyohitaji. Kwa maana hiyo haifanani na dawa ya kutuliza maumivu au ya kuua vijidudu, kwani inarudisha kitu ambacho mwili umeacha kukitengeneza.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inapimika. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani karibu maikrogramu 100 kwa mwenye kilo 60. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa 12.5 au 25 ili moyo usishtuliwe. Kwa kuwa nusu ya dawa huwa bado imo mwilini baada ya siku saba hivi, kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, kisha dozi hupandishwa au hupunguzwa kwa kufuata namba.

Udhaifu wake nao usifichwe. Kidonge hiki huchagua tumbo lililo tupu: humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, na chai ya maziwa au kahawa ikimezwa pamoja nacho huzuia sehemu yake isifyonzwe. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia vinatakiwa vitengwe nacho kwa saa nne. Naamini sehemu kubwa ya wanaosema "dawa haikunisaidia" hawakuwahi kuelezwa haya, wala hawakuambiwa kwamba joto la nyumba ya bati lingeweza kuiharibu dawa yao. Kwa anayefunga Ramadhani ipo njia iliyo rahisi: kuimeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, kwani umezaji wa usiku umeonekana kufaa sawa na wa asubuhi. Dozi ikizidi mno kwa muda mrefu, mapigo ya moyo huvurugika na mifupa hupoteza uimara, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Tena wapo wagonjwa ambao TSH yao imekaa sawa lakini bado wanajiona wazito wa mwili na akili. Malalamiko yao ni ya kweli, na daktari anayeyapuuza kwa kuonyesha karatasi ya majibu ndiye anayewasukuma kwenye milango mingine.

Mlango wa kwanza kati ya hiyo ni tezi iliyokaushwa ya nguruwe, ambayo huuzwa ng'ambo kwa sifa ya kuwa "ya asili". Hii ni tiba yenye nguvu ya kweli, kwa sababu ina homoni ya kweli: kidonge cha miligramu 60 huwa na maikrogramu 38 hivi za T4 na 9 za T3. Tatizo ni mchanganyiko wenyewe. Uwiano huo ni wa takriban nne kwa moja, ilhali tezi ya binadamu hutoa T4 nyingi zaidi sana kuliko T3, karibu kumi na nne kwa moja. Hivyo anayekitumia hupata T3 kwa kishindo saa chache baada ya kumeza. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliwapa wagonjwa 70 dawa zote mbili kwa zamu, wiki 16 kila moja, bila wao kujua ipi ni ipi. Kwa jumla dalili na kumbukumbu hazikutofautiana, lakini wagonjwa 34 walisema waliipenda zaidi ya nguruwe, 13 waliipenda levothairoksini, na 23 hawakuona tofauti. Namba hizo zinanifanya nisiidharau kauli ya mgonjwa, ingawa hazitoshi kuifanya dawa hiyo iwe chaguo la kwanza. Kwa Mwislamu suala la nguruwe linahitaji kuzungumzwa waziwazi na daktari na mwanazuoni kabla ya kununua, maana baadhi ya matangazo husema tu "tezi asilia" bila kumtaja mnyama.

Mlango wa pili ni mwani, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Unga wa mwani unasifiwa mitandaoni kama chakula cha thairoidi kwa hoja kwamba tezi hutumia iodini kutengeneza homoni. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, na anayepika kwa chumvi yenye madini joto kwa kawaida huzipata. Mwani wa kahawia wa bahari za baridi, hasa ule ambao Wajapani huuita kombu, unaweza kuwa na zaidi ya maikrogramu 1,000 katika gramu moja. Kwa mwenye Hashimoto, iodini nyingi kiasi hicho huweza kuizima kabisa tezi iliyokuwa bado inajikongoja. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wa aina nyingine, uliopandwa kwa ajili ya utomvu unaotumika viwandani, na jamii yake huwa na iodini kidogo kuliko ile ya kahawia; hata hivyo kiasi hubadilika kutoka shamba hadi shamba na msimu hadi msimu, na pakiti inayouzwa sokoni kwa kawaida haikitaji. Kama kula mwani ni desturi ya nyumbani kwako, kuula kama mboga mara chache si kosa. Kuumeza kila siku kwa kijiko kama dawa ni kujipa dozi usiyoijua.

Habasoda inastahili maneno ya haki, kwa sababu imejaribiwa. Watafiti wa Tabriz, Iran, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio la wagonjwa 40 wa Hashimoto, ambapo waliopewa gramu mbili za unga wa habasoda kwa siku kwa wiki nane walionyesha kushuka kwa TSH na kwa kingamwili zinazoishambulia tezi, wakilinganishwa na waliopewa unga usio na dawa. Hii ni habari njema iliyo changa: watu ni 40, wiki ni nane, na hakuna anayeweza kutoka hapo akadai kwamba habasoda inachukua nafasi ya homoni kwa mtu ambaye tezi yake imekwisha kuharibika. Kwa anayeipenda habasoda, niliyo radhi kumwambia ni kwamba aendelee nayo kwa kiasi cha chakula, pamoja na kidonge chake, na amjulishe daktari, kwa kuwa TSH ikishuka huenda dozi ikahitaji kupunguzwa.

Seleniamu, madini yanayouzwa kama kirutubisho, iko katika hali inayofanana na hiyo. Katika tafiti kadhaa vidonge vyake vya maikrogramu 200 kwa siku vimepunguza kingamwili, lakini kupungua kwa kingamwili hakujaonekana kwa uhakika kumfanya mgonjwa ajisikie vizuri au aache homoni, na akizidisha kwa muda mrefu, nywele na kucha ndizo huharibika. Ashwagandha, mzizi wa tiba ya Kihindi unaouzwa kama dawa ya msongo wa mawazo, inaweza kupandisha homoni za thairoidi na imewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Kuna hata jambo zito zaidi: mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipima virutubisho kumi vilivyonadiwa kuwa vya "kusaidia thairoidi" na katika tisa wakakuta homoni ya T3 ambayo haikupaswa kuwamo. Mtu anayesifu kirutubisho cha namna hiyo kwa kumpa nguvu ndani ya siku chache huenda anasema kweli, ila hajui kwamba alikuwa akimeza dawa ya hospitali bila kipimo.

Kuhusu waganga na mitishamba ya kwetu sitaki kusema kwa jumla, kwa sababu ujuzi wao haulingani. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili watoa huduma, na Muhimbili kuna taasisi ya kuchunguza tiba asili. Kwa hiyo kumuuliza mganga kuhusu usajili wake ni haki ya mgonjwa, si utovu wa adabu. Ninachokipinga bila kusita ni kuchanja chale juu ya shingo iliyovimba. Thairoidi imezungukwa na mishipa mingi ya damu, jeraha hapo huweza kuota usaha, na wembe uliopita kwa wengine huweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Dua, maombi, kupumzika, kutembea na kula vizuri ni mambo ya kheri yasiyogombana na kidonge chochote, na mgonjwa hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya ibada yake na dawa yake.

Kuna kundi moja ambalo kwake kusubiri ni chaguo halali la kitabibu, na nadhani ndilo linalozipa tiba mbadala sifa nyingi. Hawa ni wale ambao TSH imepanda kidogo, pungufu ya 10, huku T4 ikiwa ya kawaida. Wengi wao TSH hurudi yenyewe pasipo dawa yoyote. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliowafuata watu 737 wa miaka 65 na zaidi wenye hali hii katika nchi za Ulaya, haukuona nafuu yoyote ya dalili kwa waliopewa levothairoksini. Vivyo hivyo mama aliyejifungua karibuni anaweza kupata uvimbe wa tezi unaopandisha kisha kushusha homoni, na mara nyingi hali hutulia ndani ya mwaka. Mtu wa makundi haya akinywa mzizi katika miezi hiyo, ushindi utahesabiwa kuwa wa mzizi. Kwa hiyo unaposikia ushuhuda wa aliyepona kwa mitishamba, uliza TSH yake ilikuwa ngapi mwanzoni. Ikiwa ilikuwa 6, usiufananishe ushuhuda huo na hali yako wewe uliye na 60.

Kwa mwenye TSH ya juu sana na T4 iliyoshuka, ninavyoona mizani haiko sawa hata kidogo: levothairoksini ni ya lazima, na mengine yote ni ya kuongezea. Hali hii ikiachwa bila dawa kwa miezi na miaka, lehemu hupanda, maji hujaa kuzunguka moyo, na mgonjwa akipatwa na maambukizi makali au baridi anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Thairoidi inayozidisha

Hapa mazungumzo ni mafupi zaidi kwa sababu hatari iko karibu zaidi. Ugonjwa wa Graves, ulioelezwa na Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, humkondesha mtu anayekula vizuri, humtetemesha mikono, humtoa jasho, humpeleka moyo mbio hata akiwa amelala, na pengine humtokeza macho. Katika jamii zetu kukonda huko huleta minong'ono ya UKIMWI, na hasira na wasiwasi huitwa mapepo au husuda, na miezi hupita mgonjwa akizungushwa.

Hospitali ina njia tatu, na hapa ulinganisho wenye maana zaidi ni kati ya njia hizo zenyewe. Vidonge vya kabimazoli huizuia tezi kutengeneza homoni, hutumiwa kwa miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia baada ya kuacha. Vina hatari moja adimu ambayo kila anayeandikiwa lazima aijue: vinaweza kuziangusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa yenye koo linalouma ni sababu ya kusimamisha dawa na kwenda kupimwa damu siku hiyo hiyo. Iodini ya mionzi, ambayo kwa Tanzania hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, humezwa mara moja na kuiunguza tezi polepole; wengi huishia kwenye upungufu na kuhitaji levothairoksini, haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na inaweza kuyazidisha macho yaliyotoka. Upasuaji humaliza kazi haraka na ndio unaofaa zaidi kwa rovu, yaani tezi iliyovimba, kubwa linalobana koo, ila unataka mkono uliozoea, kwa kuwa neva ya sauti na vitezi vinavyolinda kalsiamu viko papo hapo. Kwa kijana mwenye rovu dogo ningependelea kuanza na vidonge. Kwa aliyerudiwa na ugonjwa mara ya pili na asiyetarajia mimba karibuni, ningefikiria mionzi kwa uzito.

Upande wa tiba mbadala, mwani na matone ya iodini ni vya kuepukwa, kwani ni sawa na kuongeza kuni kwenye moto. Madaktari hutumia iodini nyingi kwa siku chache tu kabla ya upasuaji, chini ya uangalizi. Iko lakini sehemu moja ambapo kirutubisho kimeingia hospitalini kwa haki yake. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba seleniamu, maikrogramu 200 kwa siku kwa miezi sita, iliboresha hali ya macho kwa wenye Graves ambao macho yao yalikuwa yameathirika kidogo, na tangu hapo madaktari wa macho na wa homoni huipendekeza kwa wagonjwa wa aina hiyo. Kuacha sigara nako huyasaidia macho hayo kuliko dawa nyingi. Anayeziacha kabimazoli ghafla ili ajaribu mzizi anajiweka katika hatari ya dhoruba ya homoni, yaani homa kali, moyo kukimbia ovyo na kuchanganyikiwa, ambayo huua hata katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Rovu la kukosa madini joto

Katika ugonjwa huu chakula chenyewe ndicho dawa, na anayesema lishe inatibu thairoidi yuko sahihi kabisa. Mvua za karne nyingi huosha iodini kutoka kwenye udongo wa milimani, na ndiyo maana marovu yalienea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, katika Alpi za Uswisi, na katika kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu, Kongo, ambako uchunguzi ulioanza miaka ya 1960 ulionyesha jinsi mihogo isiyoandaliwa vizuri inavyozidisha madhara ya ukosefu wa iodini. Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922. Tanzania iliifanya kuwa sharti la kisheria katikati ya miaka ya 1990, ingawa chumvi ya wazalishaji wadogo bado huuzwa sehemu nyingine ikiwa haina kitu.

Kwa hiyo anayeishi maeneo hayo anunue chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, aihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moshi na unyevu, na aitie chakula kinapokaribia kuiva. Mihogo michungu ilowekwe na kukaushwa kama wazee wetu walivyofundisha. Kabichi na sukuma wiki zilizopikwa, ambazo wauza virutubisho hupenda kuziogopesha, hazina neno kwa anayepata iodini ya kutosha. Tahadhari ni kwa mtu mzima aliyekaa na rovu lenye vinundu kwa miaka mingi: chumvi haitalipunguza, na akimimina iodini nyingi kwa mpigo, vinundu hivyo vinaweza kuamka na kuzidisha homoni. Rovu linalokua haraka, kinundu kigumu, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza vinahitaji utrasaundi na kuchukuliwa chembe kwa sindano nyembamba. Hapo hakuna mzizi, mafuta wala tambiko la kulinganishwa na kipimo, kwa sababu jambo linalotafutwa ni saratani.

Mimba, mtoto mchanga, na namna ya kuzitumia tiba mbili kwa pamoja

Mjamzito ana uhuru mdogo wa kujaribu. Katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama, na hii ni sababu nyingine ya kutomwandikia mjamzito tezi ya nguruwe yenye T3 nyingi na T4 kidogo. Aliyekuwa akitumia levothairoksini huhitaji ziada ya asilimia 25 hadi 30 mara tu mimba inapojulikana, ambayo kwa wepesi ni vidonge viwili zaidi kwa wiki, huku akipangiwa kipimo cha TSH karibuni. Anayetumia kabimazoli amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa katika miezi mitatu ya kwanza hubadilishiwa dawa nyingine iitwayo propilthiourasili. Mtoto aliyezaliwa bila tezi inayofanya kazi anatakiwa aanzishiwe homoni ndani ya wiki mbili za kwanza. Kumcheleweshea kwa dawa za kienyeji ni kumpunguzia akili ambayo haitarudi.

Kwa waliobaki, kuchanganya tiba si dhambi, mradi kufanyike kwa utaratibu. Chukua majibu ya TSH na T4 kabla hujaanza kitu kipya. Anza kimoja tu kwa wakati, na kidonge cha hospitali kibaki kama kilivyo. Peleka chupa au pakiti yenyewe kliniki, ili asomaye aone kilichoandikwa. Rudia kipimo baada ya wiki nane katika maabara ile ile, na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini (aina ya vitamini), viache siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu, kwa sababu bayotini huweza kuvipotosha vipimo vyenyewe hadi mtu mzima wa afya aonekane ana thairoidi inayozidisha. TSH ikiwa imetulia na mwili umepata nafuu, mna jambo la kuzungumza na daktari kuhusu dozi. Kwa anayetumia levothairoksini, ikiwa imepanda, kiongezwe kidonge na kiongezeo kiachwe.